Mafuta Katika Damu ya Mke Wangu

Asubuhi ile nilipokitoa kichupa cha damu ya mke wangu kwenye mashine, nilidhani nimechanganya vichupa. Nikasoma karatasi iliyobandikwa ubavuni. Lilikuwa jina lake, kwa mwandiko wangu mwenyewe.

Nilikuwa na miaka mingi katika kazi ya maabara, pale Bunia, kwenye hospitali moja ambayo madirisha yake yalitazama barabara ya vumbi. Damu ikishazungushwa na mashine hugawanyika. Chini hubaki sehemu nyekundu, nzito, na juu hukaa maji ya manjano hafifu, safi kiasi kwamba ukiweka kidole nyuma ya kichupa unakiona. Maji hayo ya juu ndiyo tunayoyapima. Ya mke wangu yalikuwa meupe. Nikakiinua kichupa kuelekea dirishani, nikaweka kidole nyuma yake, na sikukiona kidole changu.

Maana yake niliijua, au nilidhani naijua. Mtu anaambiwa aje bila kula, anakula, na mafuta ya chakula yanaingia damuni na kuipaka weupe. Nilikuwa nimeiona hali hiyo kwa wagonjwa wengine, ingawa haikuwa nyeupe namna ile. Sheria yetu ilikuwa rahisi: unaandika kwamba damu ina mafuta, mgonjwa arudi kesho na tumbo tupu.

Nikatoka barazani alikokuwa ameketi.

"Umekula," nikamwambia.

"Miye? Sikukula kitu."

"Hata chai?"

"Hata chai. Si ulinikataza?"

"Basi ulikula usiku, nilipokwisha lala."

Akaniangalia. "Papa, weye ulikuwa pale. Tulikula pamoja, sombe na bugari, kisha nikalala. Nitakula nini tena?"

"Rudi kesho," nikasema. "Na kesho usikule."

Hakubisha. Aliinama polepole kuvaa kandambili zangu, kwa sababu viatu vyake vilikuwa vimeacha kumwingia tangu wiki mbili zilizopita, akaenda zake barabarani akishika ukuta.

Uvimbe ulikuwa umeanza usoni. Alikuwa akiamka macho yamefumba nusu, na ikifika saa sita uso unarudi, miguu ndiyo inajaa. Mimi nilisema ni uchovu. Mke wangu aliuza mafuta ya mawese sokoni, akisimama tangu alfajiri kati ya bido za njano, yale madumu ya mafuta, na mtu anayesimama hivyo miaka kumi na tano atakosaje kuvimba miguu? Mara moja aliniambia, "Mukojo yangu iko na povu, kama ya bia." Nikamjibu kwamba ni sabuni aliyoimwaga chooni. Nilijibu bila hata kugeuka, nikitafuta ufunguo wa pikipiki. Miaka ile yote nilikuwa mtu wa namna hiyo, sikuweza kukaa mahali pamoja, wala kusikiliza jambo mpaka mwisho wake.

Sikuwa peke yangu. Mji mzima ulikuwa hivyo. Tuliiita amani kwa sababu hatukuwa na neno lingine. Soko lilifunguliwa, shule zilisoma, magari yalipanda na kushuka, na bado hakuna mtu aliyelala bila kujua begi la vitambulisho liko wapi. Siku moja habari za mapigano zilikuwa za Djugu, siku nyingine za upande wa Gety, na sisi wa katikati tulikuwa tukipiga simu asubuhi kuuliza barabara imeamkaje, jinsi watu wengine wanavyouliza mvua.

Mama yangu alikuwa amekuja kukaa nasi kutokana na mambo hayo. Alitoka upande wa Fataki, katika watu wa ng'ombe, na alikuja kwa wiki mbili mpaka kule kutulie. Alikuwa sasa ameingia mwaka wa tatu. Ng'ombe hawakuwepo tena. Alikuwa na begi moja, na maoni mengi juu ya jiko letu. Yeye alikua kwa maziwa na samli, na mawese ya mke wangu hakuyapenda. "Hii mafuta yenu inashika mudomo," alikuwa akisema, akifuta midomo kwa kitambaa. Mke wangu, ambaye wazazi wake walitoka Butembo kuja kufanya biashara Bunia akiwa bado msichana, alikuwa akicheka tu na kumpakulia tena. Binti yetu wa pekee alikuwa ameolewa Aru. Nyumbani tulibaki watu watatu.

Kesho yake damu ilikuwa nyeupe tena.

Safari hii niliona haya mbele ya wenzangu. Mke wa mtu wa maabara hawezi kufuata agizo la maabara! Nikamwambia maneno ambayo sitaki kuyaandika yote. Nilimwambia ananipotezea dawa za kupimia, ambazo kila mtu anajua zinavyotusumbua kufika. Nilimwambia mgonjwa anayedanganya hajitibu. Yeye alikuwa amejiinamia, mikono juu ya mapaja, na nilipomaliza aliuliza tu kama anaweza kwenda.

Jioni, jua likiwa bado halijazama, nilifanya jambo baya zaidi. Nilichukua kikapu chake cha soko nikakipekua. Nilitafuta karanga, mkate, andazi, chochote. Nilitoa kitambaa chake, faneli ya kumiminia mafuta, karatasi za kufungia, kitana. Hapakuwa na chakula. Nilipoinua kichwa, yeye alikuwa amesimama mlangoni akinitazama. Nikavirudisha vitu kimoja kimoja.

Mama aliona. Alikuwa ameketi uani akichambua maharagwe, na nilidhani atafurahi, maana ugomvi wake na mkwewe niliujua. Akaweka sahani chini.

"Leo analala na miye," akasema. "Mu chumba changu. Na asubuhi nitakuja naye huko kwa labo yako."

Asubuhi walikuja wote wawili kwa miguu, wakipumzika kila baada ya nyumba chache. Nilitoa damu mwenyewe. Nikasubiri igande, nikaiweka kwenye mashine, nikatembea kutoka dirishani hadi mlangoni na kurudi. Ilipotoka ilikuwa nyeupe vilevile, nikawaletea kichupa barazani.

Mama alikishika. Alikigeuza huku na huku, yeye aliyekamua ng'ombe tangu akiwa mtoto.

"Hii ni maziwa," akasema.

"Ni damu yake, mama."

"Basi sikia. Nililala naye kitanda kimoja. Hakutia hata maji mu mudomo. Kama iko nyeupe, iko nyeupe juu ya kitu kingine, haiko juu ya uwongo." Kisha akanirudishia kichupa na kuongeza, "Weye ndiye ulisoma. Tafuta."

Daktari wa wodi ya ndani alikuwa mwanamke kijana, niliyemzidi umri kwa mbali. Nilimpelekea kile kichupa mkononi. Alikitazama, akauliza swali moja.

"Muzee, mulipima mukojo?"

Hatukuwa tumepima. Yaani mimi sikuwa nimepima. Mke wangu aliniambia kuhusu povu, nami nilikuwa nikimfukuza kati ya nyumbani na hospitali siku tatu kwa ajili ya karanga asizokula.

Nikapima. Ile karatasi nyembamba ya kuchovya ilibadilika kuwa kijani kizito kabla sijahesabu hata tano. Ili niwe na hakika nikafanya kipimo cha zamani, tulichofundishwa na walimu wetu kwa siku ambazo hakuna kitu kingine: nikatia mkojo kwenye kichupa cha kioo, nikaupasha moto juu ya taa ya spiriti. Ukaganda. Uligeuka mweupe na mzito, kama ute wa yai kwenye kikaango. Chini ya hadubini niliona vitone vya mafuta, vya mviringo, vinang'aa, vimejazana ndani ya seli. Nilivitazama mpaka macho yakauma. Mafuta katika mkojo wa mtu niliyelala naye miaka ishirini na miwili!

Mashine yetu ya kupimia nayo ilikataa. Inafanya kazi kwa kupitisha mwanga ndani ya maji ya damu, na kwa yale maji meupe mwanga haukupita, basi ikawa inatoa namba za ajabu, namba ambazo mtu aliye hai na anayetembea hawezi kuwa nazo. Ilibidi niyachanganye na maji ya chumvi mara kadhaa kabla ya kupata kipimo cha kuaminika cha figo. Figo zilikuwa bado zinafanya kazi. Zilikuwa zinavuja.

Daktari alituita wote watatu ofisini. Alizungumza na mke wangu, hakuzungumza nami, na hilo lilikuwa sawa.

"Mama, figo ni chujio," akasema. "Yako imetoboka. Protini ya damu, ile yenye inashika maji ndani ya mushipa, inapita mu mukojo. Ndiyo povu uliona. Na maji ikikosa cha kuishika, inatoka mu mushipa, inaingia mu miguu na mu uso."

"Na huu weupe?" mama yangu akauliza.

"Ini inaona damu imepoteza protini. Inaanza kutengeneza zingine mbio mbio, na mu ile mbio inatengeneza mafuta pia. Tena vitu vyenye vinasaidia damu kuondoa mafuta navyo vinapotea mu mukojo. Basi mafuta inaingia mingi, na haitoki."

"Kwa hiyo haikutoka mu chakula," mke wangu akasema. Alisema polepole, akimtazama daktari.

"Hapana, mama. Hata ungelala njaa wiki nzima, ingekuwa nyeupe."

Nilitazama kalenda iliyokuwa ukutani.

Daktari akaendelea. Mafuta hayo yakikaa damuni yanarudi kwenye figo zenyewe, yanaingia katika chujio lililokwisha kutoboka na kuliumiza zaidi. Figo inaongeza mafuta, mafuta yanaumiza figo, na moyo unakaa hatarini vilevile. Ndiyo maana lazima kukata mzunguko huo mapema. Chanzo hasa hakukijua. Ng'ambo ya mpaka, Kampala, wangeweza kuchukua kipande kidogo cha figo na kukitazama. Hapa tungeanza na vidonge vya prednizoloni, dawa ya kupunguza maji, na kidonge kimoja cha kushusha mafuta. Chumvi iondoke. Makayabo, wale samaki wa chumvi, yaondoke kabisa. Mafuta ya kupikia kidogo tu, lakini asiache kula.

Mama yangu katika maneno hayo yote alisikia neno mafuta tu. Siku ileile tulipofika nyumbani, aliingia jikoni akabeba bido ya mawese, akaipeleka stoo. Kwa siku nyingi tulikula vitu vilivyochemshwa majini: ndizi, dengu, majani, samaki mdogo wa ziwani asiye na chumvi. Mke wangu alikula vijiko vitatu na kuweka sahani kando. Uvimbe ulificha kukonda kwake, lakini mimi nilipomshika mkono juu ya kiwiko vidole vyangu vilikutana. Nikamrudia daktari.

"Muambie muzee mama arudishe kijiko kimoja cha mafuta mu sufuria," akasema. "Mugonjwa asiyekula ataniumiza kichwa zaidi ya mafuta."

Mama hakupenda, lakini akarudisha. Alijifunza kukoroga majani kwa ndimu na tangawizi mahali pa chumvi. Wakaanza kupika pamoja, mmoja ameketi na kukata, mwingine amesimama, wakibishana juu ya kijiko kina ukubwa gani.

Sokoni mambo yalikuwa tofauti. Habari zilikuwa zimefika kwamba muuza mawese amejaa mafuta damuni. Watu wakaunganisha wenyewe. Jirani yake wa meza, aliyebaki akimuuzia, alikuja nyumbani kutueleza akiwa amesimama, bila kukubali kiti. "Banasema mafuta yake ndiyo ilimugonjesha. Banasema atabagonjesha na beye." Mke wangu alimsikiliza, akamshukuru, akamwomba aziuze zile bido zilizobaki kama mali yake yeye jirani. Jirani alipoondoka, mke wangu aligeukia ukuta. Nilitaka kwenda sokoni kuwaeleza watu juu ya ini na figo na chujio. Nilifika hata kwenye pikipiki. Nikajiuliza, nitasimama wapi pale, kati ya meza, na nitaanza na neno gani? Nikarudi ndani. Nikatoka tena. Siku ile nilizunguka mtaa mzima wa Nyakasanza bila kwenda popote.

Nilikuwa sijamwomba msamaha. Kila siku nilipanga, na kila siku kulikuwa na jambo: mgonjwa wa haraka, umeme, simu. Ukweli ni kwamba niliogopa atanijibu nini. Nilimpa dawa kwa saa zake, nilimpima miguu kwa utepe wa fundi cherehani, niliandika namba kwenye daftari. Yote hayo niliyafanya vizuri.

Ikaja siku moja, karibu saa nne asubuhi, nikiwa nyumbani kwa zamu ya mapumziko. Mke wangu alikuwa amelala kwenye mkeka uani, miguu juu ya mto, maana uvimbe ulikuwa bado haujashuka hata kidogo na alitembea kwa shida. Tulisikia milio kwa mbali, upande wa Mudzipela. Mitatu, kisha mingi. Kisha tukasikia kitu kibaya kuliko milio, sauti ya kandambili nyingi barabarani. Watu walikuwa wakishuka mbio, wanawake na magodoro kichwani, mwanamume mmoja amebeba televisheni.

"Banakuya!" mtu akapiga kelele bila kusimama. "Mukimbie!"

Nikashika begi la vitambulisho. Nikaliweka chini. Nikashika mkono wa mke wangu, akajaribu kusimama, magoti yakakataa.

"Peleka mama," akasema. "Weye na mama muende. Miye nabaki, nitafunga mulango."

"Hapana."

"Nitafanya nini na hii miguu? Muende!"

Mama yangu akaketi chini kwenye mkeka, pembeni yake, akakunja nguo yake vizuri. "Miye nilikimbia ya kutosha," akasema. "Kama anabaki, tunabaki babili."

Nilizunguka ua kama mtu aliyepoteza kitu. Kisha nikaliona pusipusi la jirani, lile la magurudumu mawili ambalo lilikuwa likibeba bido za mke wangu kutoka stoo mpaka sokoni. Mbao zake zilikuwa nyekundu kwa mawese ya miaka. Nikalivuta, nikatandika mkeka juu, nikambeba mke wangu. Alikuwa mzito kwa maji ambayo hayakuwa yake. Mama akachukua begi na dawa, akasimama mbele yangu, nikaanza kusukuma.

Barabara ya mtaa wetu ina mashimo ambayo kwa pikipiki huyajui. Gurudumu la kushoto lilikuwa likivuta pembeni. Watu walitupita pande zote, na nilikuwa nikisukuma, jasho machoni, mama akipiga kelele "Njia! Mugonjwa! Njia!" Mke wangu alikuwa ameshika mbao kwa mikono miwili, uso umenielekea. Hatukuwa na umbali wa hatua mbili kati yetu. Hapo ndipo neno liliponitoka.

"Unisamehe," nikasema. "Juu ya ile ya kula. Unisamehe."

"Sukuma kwanza," akajibu.

Nikasukuma. Tulifika uwanja wa kanisa ambako watu walikuwa wamejaa chini ya miti ya mikaratusi, wengine wakipiga simu, wengine wakihesabu watu wao. Nililiweka pusipusi kivulini, nikaweka jiwe chini ya gurudumu, nikaketi chini. Mama alikwenda kuomba maji ya kumezea dawa.

Mke wangu akasema, bila hasira:

"Kuniita muongo haikuniuma sana. Watu ya labo munazoea kusema vile kwa bagonjwa. Iliniuma ile ya kikapu. Ulitafuta chakula mu kikapu yangu, miye nasimama pale nakuangalia, na uliendelea mpaka chini."

"Ndiyo," nikasema.

"Miaka yote ile, sikukuficha hata ndizi."

"Najua."

"Sasa unajua." Akavuta pumzi. "Basi. Nilisikia. Usirudilie tena kila siku, utanichosha."

Mchana ulipopita tukapata habari. Askari wawili wa kizuizi waligombana, mmoja akapiga hewani, wenzake wakadhani wamevamiwa wakapiga nao. Hakuna aliyekuwa akija. Watu walianza kukunja mikeka yao, wengine wakicheka kwa sauti kubwa mno, kama tunavyofanya siku zote. Aliyebeba televisheni aliibeba tena kupandisha. Njia ya kurudi ilikuwa ya mlima, na mke wangu aliomba ateremke atembee kidogo, kwa kuwa daktari alimkataza kukaa bila kusogea, maana damu ya wagonjwa wa namna hii huganda upesi mishipani. Alitembea kutoka kwenye mlango wa kanisa mpaka kwenye duka la kwanza, mimi upande mmoja, mama upande mwingine. Kisha akapanda tena.

Dawa zilichelewa. Wiki ya tano nilikuwa nimeanza kukata tamaa kimyakimya, nikimtoa damu kila Jumatatu na kuikuta nyeupe. Prednizoloni ilimjaza mashavu na kumnyima usingizi. Alikuwa akiamka na kupanga vyombo, kisha kuvipangua. Wote wawili sasa tulikuwa watu wasiotulia, na mama alisema nyumba imekuwa kama zizi lenye chui. Wiki ya sita ile sehemu ya juu ya kichupa ilikuwa kama maji yaliyooshewa mchele. Sikumwambia mtu. Nikaogopa kwamba nimeanza kuona ninachotaka. Wiki iliyofuata alikojoa sana, usiku na mchana, na ule utepe wa fundi cherehani ukaanza kubaki mrefu ukizungushwa mguuni. Ikaja Jumatatu ambayo niliweka kidole nyuma ya kichupa na kukiona, kwa ukungu. Na nyingine baadaye nilikiona vizuri, mpaka mistari yake, kupitia maji ya manjano.

Nilikipeleka barazani. Alikishika mwenyewe.

"Hii ndiyo damu ya watu?" akauliza.

"Hii ndiyo."

Akakitazama muda, akanirudishia. "Iko na rangi ya mukojo," akasema, na tukacheka mpaka wagonjwa waliokuwa kwenye benchi wakageuka.

Sitasema kwamba alipona. Ugonjwa ulirudi mara mbili katika miaka iliyofuata, mara ya pili baada ya homa ya kawaida tu, na kila mara povu lilitangulia na weupe ukafuata. Tulikuwa tukilitambua povu siku ileile. Figo hazikurudi kama zamani. Kipimo cha uchafu ambao figo huuacha damuni kilipanda kidogo na kubaki hapo, na kidonge cha mafuta anakimeza mpaka leo. Soko alilirudia. Nilimshauri auze kitu kingine, vitenge, sabuni. Akaniuliza kama mimi ningeacha labo kwa sababu ya maneno ya watu. Alipanga bido zake mahali palepale, na wateja wa zamani walirudi mmoja mmoja, kwanza wale waliokaa mbali na uvumi. Mama yangu alikufa kwa uzee wake, akiwa bado kwetu, bila kuiona Fataki tena. Mke wangu ndiye aliyemwosha.

Jana alikwenda Aru, kwa sababu binti yetu amejifungua mtoto wa pili. Nilikataa. Nilimwambia juu ya barabara, juu ya vizuizi, juu ya chumvi ya chakula cha njiani. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaweka dawa za mwezi mmoja kwenye begi, akaingia ndani ya gari. Nilipiga simu alipopita Mahagi. Nikapiga tena alipokuwa hajafika. Mara ya nne alipokea binti yetu.

"Papa, mama alifika. Iko hapa, anashika mutoto."

"Mupe simu."

Nilisikia mtoto akilia, mlango, viatu. Kisha sauti yake.

"Weye haukai?" akasema. "Ketia kidogo. Nitakupigia kesho asubuhi, nikisha kuamuka."

Ni asubuhi sasa. Bado hajapiga.